Shemeji Alilitaja Mwenyewe

Cheti cha kuzaliwa cha mwanangu kilivutwa kama sigara. Sisemi kwa mafumbo. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, alikichana vipande vipande, akasokotea tumbaku yake, akakivuta kidogo kidogo akiwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, na kupepesa macho hakupepesa. Mke wake alimwona. Siku hiyo alikuwa na hasira na mumewe kwa mambo yao ya ndani, akaja kuniambia mtoni tukifua, la sivyo ningekuwa nakitafuta mpaka leo.

Hasira ile ninayo bado, na imenitunza vizuri. Wenzangu wa rika langu wamepinda migongo, mimi natembea wima.

Sisi ni watu wa Rungwe, huku chini ya Tukuyu, ambako migomba inaanzia mlangoni. Mume wangu alipata kazi ya kupasua mbao Mufindi, upande wa Iringa, nami nikamfuata kwenye baridi ile ya misitu. Huko ndiko nilikojifungua, katika hospitali ya misheni, mtoto wa kiume. Mume wangu alifurahi mpaka akapanda lori la mbao kwenda bomani Iringa kumwandikisha, jambo ambalo wenzake kambini hawakuwa na habari nalo. Aliporudi na ile karatasi alinisomea kwa sauti, na alipofika kwenye jina la mtoto mimi nikaziba masikio kwa khanga. Alicheka. Alikuwa amempa mtoto jina la baba yake mzazi, yaani mkwe wangu.

Kwa wasiotujua nieleze. Kwetu mwanamke aliyeolewa halitaji jina la baba mkwe wake. Hamtazami usoni. Akimwona anakuja njiani, anaingia migombani na kuinama mpaka mzee apite. Na si jina tu, hata neno linalofanana na jina hilo unaliacha. La mkwe wangu linafanana na neno letu la jembe, basi tangu niolewe jembe nililiita kile cha kulimia. Wifi zangu walikuwa wananitega ili niteleze, wananituma, kalete, kalete nini vile, na mimi nasema kile cha kulimia, wanacheka. Ndiyo maana nilikipenda Kiswahili mapema. Jembe la Kiswahili halina mkwe, unalisema upendavyo.

Mwanangu nilimwita Tata, kwetu maana yake baba. Jina lake lenyewe halijapita mdomoni mwangu mpaka leo, na kwenye karatasi hii pia hamtaliona.

Mtoto hajaanza shule, gogo lilimwangukia baba yake. Waajiri wakatusafirisha na jeneza mpaka nyumbani. Mkwe wangu alimpokea mjukuu mbele ya watu wote waliokuja msibani. Alimketisha kwenye goti akasema jina langu limerudi, na mimi nilikuwa nyuma ya nyumba na wanawake wenzangu, nikasikia vigelegele. Akasema shamba la migomba la upande wa kijito, lenye kahawa, ambalo alikuwa amemgawia mume wangu, sasa ni la mtoto. Kisha naye mzee akafa, masika iliyofuata.

Hapo ndipo shemeji alipoota pembe. Kwanza alitaka kunirithi. Alikuja na kuku na maneno laini, akakaa barazani akaniambia nyumba ya kaka yake isipoe. Nikamwambia nyumba ya kaka yake ina moto wake, na huyo kuku ampelekee mke wake amchinjie watoto. Alirudi na kuku kwapani, kijiji kizima kinamwona. Tangu siku ile mwanangu akawa si mtoto wa ukoo. Akawa mtoto wa Iringa. Kwenye pombe alikuwa anawauliza wenzake: nani kati yetu alimwona mtoto huyu akizaliwa? Kazaliwa kwa Wahehe, kaletwa na jeneza, sisi tumebambikiwa. Wazee waliosikia maneno ya mkwe wangu msibani walikuwepo, lakini kimpumu, pombe ya ulezi ya shemeji, kilikuwa kitamu na mirija ya kunywea ilikuwa mingi. Wakaanza kusema hawakumbuki vizuri.

Nikaenda mahakama ya mwanzo. Hakimu alikuwa mtu wa Singida, mkavu, hana ndugu hapa wala hanywi. Alitusikiliza wote wawili, akasema maneno ya msibani hayathibitishi kitu, kama mtoto aliandikishwa nileteeni cheti, shauri liishe. Nilitoka nje karibu nicheke. Cheti kilikuwa kwenye kopo la maziwa ya unga, juu ya dari, pamoja na picha ya mume wangu. Nilipopanda nikakuta kopo, nikakuta picha. Cheti hakuna.

Baada ya mke wake kunieleza kule mtoni, nilimfuata shemeji alipo. Hakukana. Aliniambia kwa upole kabisa, kama anayemshauri binti yake, kwamba serikali haikosi nakala, niende tu Iringa nikaombe nyingine.

"Ila ukifika utawaambia anaitwa nani?" akasema. "Mwanamke wa heshima halitaji jina la mkwe. Ukilitaja, shemeji, nitajua, na hapa hutakaa."

Alikuwa amelipanga. Angeweza kukificha, angeweza kukitupa chooni, lakini alitaka hilo, nisimame mbele ya watu wa serikali mdomo wazi kama chura. Nikamwambia nakwenda, na tumbaku yake asiimalize, ataihitaji.

Mtu atauliza kwa nini sikwenda na mtoto mwenyewe, au na mtu wa kunisaidia kulitaja. Mtoto nilimpeleka kwa mama yangu, mbali na macho ya yule mtu, maana sikumwamini tena kwa lolote. Na nauli niliyokuwa nayo ilikuwa ya kiti kimoja. Halafu nilidhani jina la ubatizo la mume wangu na jina la hospitali vitatosha. Sikuwa nimesoma, wakati ule kisomo cha watu wazima kilikuwa hakijanifikia. Sikujua kwamba karani anahesabu watu kwa majina mawili mawili.

Basi likatoka Mbeya asubuhi na ukungu. Lami ilikuwa mpya bado, dereva anaionea fahari. Makambako baridi ikaingia mpaka kwenye meno, na tulipopita Nyololo nikaona malori ya mbao yakitoka njia ya msituni, nikageuza uso upande mwingine. Iringa nikafikia Kihesa, kwa mwanamke wa kwetu, mzaliwa wa Kyela, aliyeolewa na Mhehe. Alinipa ulanzi, pombe yao ya mianzi, akaniambia bomani wanafungua mapema lakini wanaanza kazi wakitaka.

Karani wa vizazi na vifo alikuwa kijana wa Tanga mwenye suruali pana chini kama sketi. Kiswahili chake kilikuwa kinateleza, changu kinajikwaa, na nyuma yangu foleni inasikiliza. Nikamweleza: mtoto kazaliwa hospitali ya misheni, baba yake kaja hapa mwenyewe na lori, cheti kimepotea. Akauliza jina la baba. Nikatoa lile la ubatizo, maana mume wangu hakunikataza kulitaja jina lake. Akauliza la pili. Nikanyamaza, la pili ndilo lile la baba yake. Karani akasema kwa jina hilo la kwanza peke yake anao akina baba wa kujaza uwanja wa mpira, basi nimpe la mtoto.

"Namwita Tata," nikasema.

"Tata nani, ndugu?"

Nikamwambia siwezi kulisema, ni la mkwe. Akanitazama. Akauliza mama gani hawezi kusema jina la mwanawe, au mtoto mwenyewe nimemwokota stendi? Foleni ikacheka. Nilitoka jasho kwenye baridi ile. Nikataka kumsaidia, nikamwambia jina hilo kwa lugha yetu linafanana na jembe. Sijui shetani gani alinituma. Yule kijana akaandika, akaingia ndani, akakaa, akatoka amebeba uso wa kazi.

"Hatuna Jembe aliyezaliwa wilaya hii, mama. Labda ulimnunua dukani."

Hapo walicheka mpaka mzee mmoja akashika ukuta. Mama mmoja wa Kihehe, Mungu amweke pema, hakucheka. Alinisogelea akaninong'oneza nilitaje tu, mkwe yuko mbali, tena kafa, nani atajua. Nikafungua mdomo. Nataka mjue kwamba nilifungua. Nilimfikiria mwanangu anaambiwa mtoto wa Iringa, nikaufungua, na ulimi ukalala chini kama mbwa aliyepigwa. Mkwe aliyekufa ndiye wa kuogopwa zaidi, hata migomba ya kujificha huna. Karani akaniambia nirudi kesho na mtu mwenye kauli, wa upande wa mume, akaita anayefuata.

Kule Kihesa mwenyeji wangu angelisema jina lolote nililomtaka, lakini jina la mzee wetu hakulijua, kwao ni Kyela na kwetu ni milimani. Tukakaa jikoni tunatazamana. Nilichofikiria pale jikoni si mtoto tena, nilimfikiria shemeji. Nilikuwa namwona kwenye kigoda chake anapuliza moshi, anahesabu siku zangu, anajua kabisa nimekwama wapi. Nilimtakia mambo ambayo hata kanisani sikuyaungama.

Asubuhi nikarudi bomani hivyo hivyo, bila mtu wa kauli, kwa ukaidi tu. Na nani nimkute pale barazani? Shemeji. Kavaa koti la harusi yake, mwavuli mkononi, viatu vimepakwa mafuta. Kumbe roho haikumpa kukaa. Aliogopa jina la kaka yake lisije likanifungulia, akapanda basi la siku iliyofuata, akalala stendi, aje anizuie mwenyewe. Aliniamkia vizuri mbele za watu. Akaniuliza nimefikia wapi, na macho yake yanacheka. Nikamwambia bado.

"Pole, shemeji," akasema. "Ngoja nikusaidie."

Akaruka foleni, akaenda mpaka kwenye meza ya karani, nami nyuma yake. Akaanza kuhutubia kwa Kiswahili cha mikutano. Kwamba amekuja kutoka Mbeya kwa niaba ya ukoo. Kwamba huyu mwanamke anatafuta cheti cha mtoto ambaye ukoo haumtambui. Kwamba ofisi ya serikali isitumike kudhulumu wananchi. Karani alimwacha amalize, akachovya kalamu, akauliza swali ambalo makarani wote duniani huuliza.

"Wewe ndugu ni nani?"

Sasa, nyie hamkumjua shemeji yangu. Huyu alikuwa mtu ambaye ukimuuliza yeye ni nani, ni kama umemkaribisha kwenye pilau. Hawezi kukujibu kwa neno moja. Msibani alikuwa anajitaja mpaka watu wanabadilisha mguu. Alivuta koti, akaweka mwavuli mbele kama fimbo ya chifu, kifua kikapanda, akajitaja: yeye fulani, mwana wa fulani. Akalisema jina la baba yake lote, polepole, kwa sauti, silabi moja moja, ili kijana wa Tanga asikosee kuliandika.

Nilitakiwa nizibe masikio. Siku ile niliyaacha wazi.

"Bwana karani," nikasema, "jina la mwanangu ndilo hilo."

"Lipi, mama?"

"Hilo la baba yake huyu bwana. Hilo hilo, usiongeze kitu. Na baba wa mtoto naye jina lake la pili ni hilo. Ndilo lile la jana, linalofanana na jembe."

Karani alinitazama, akamtazama shemeji, akaielewa habari yote kuliko hakimu na wazee wetu. Shemeji alikuwa bado kifua juu, hewa haijamtoka. Ilipomtoka ilimtoka yote. Akaanza kusema ngoja, ngoja kwanza, hilo jina nimekosea.

"Umekosea jina la baba yako?" karani akamuuliza.

Foleni ya pili hii ilicheka kuliko ile ya jana, na wengine walikuwa wale wale. Yule kijana aliingia ndani akilisema lile jina kinywani ili lisimponyoke, na safari hii hakukawia. Alitoka anatabasamu. Mtoto yupo, hospitali ile ile, baba ni yule yule, na mwenye kuandikisha alikuwa baba mwenyewe. Akasoma kwa sauti, na kila alipofika kwenye jina mimi nilitazama chini kwa adabu, na shemeji alitazama chini kwa sababu zake.

Nakala ilipigwa chapa mbele yangu, tapu, tapu, tapu, halafu muhuri. Karani akanikabidhi kwa mikono miwili, nami nikasahau mambo ya Jembe la dukani. Kisha akamgeukia shemeji.

"Kumbe wewe ndiye baba mdogo," akamwambia. "Hongera kwa kumsaidia shemeji yako."

Kurudi tulipanda basi moja, maana lilikuwa hilo tu. Alikaa mbele, mimi nyuma, na njia yote nilitazama kisogo chake. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kisogo kile.

Hakimu wa Singida alisoma cheti, akasema shauri limekwisha. Shamba la kijito likaandikwa la mwanangu, mimi mlinzi wake mpaka akue. Wazee wakakumbuka vizuri sana yote yaliyosemwa msibani. Nikanunua fremu ya kioo Tukuyu, nikakitundika cheti ukutani, kikatazama mlango, ili anayepita njiani akigeuza shingo akione. Shemeji hana njia nyingine ya kwenda kwake. Siku moja alisimama akaangalia, nikamwambia kama ameishiwa karatasi ya tumbaku aingie, ila hii ataanza kwa kutafuna kioo.

Sikuishia hapo. Mimi siwezi kumwita mwanangu kwa jina, lakini majirani wanaweza. Nilikuwa nikimwona shemeji anatokea kilimani, namwambia mke wa jirani aniitie mtoto, naye alikuwa na sauti ya kuita watu ng'ambo ya kijito. Jina la baba yake linampokea njiani asubuhi, linamsindikiza jioni. Mtoto anaitika, naam. Mara nyingine hata hakuna kazi ya kumpa. Nampa ndizi, arudi kucheza.

Mwanzoni nilidhani nitachoka. Sikuchoka.

Halafu, miaka ile ya sabini ikikaribia mwisho, shemeji akaja barazani kwangu na kuku tena. Mtoto wake wa kiume alikuwa amekubaliwa seminari, na seminari ilitaka cheti. Yeye hakuwahi kumwandikisha. Bomani walimwambia alete mwanamke aliyeshuhudia kuzaliwa, si mama mtu. Na mtoto yule alizaliwa mikononi mwangu na mwa bibi mmoja mkunga, siku nilipokuja nyumbani likizo na marehemu. Mkunga alikuwa amehamia kwa binti yake, kule bondeni Kyela, na shemeji alikuwa hasemi naye kwa ugomvi wa ng'ombe. Nilikuwa nimebaki mimi. Aliongea akitazama miguu ya kuku. Nikamwambia nitakwenda, kwa nini nisiende. Kuku nilimpokea.

Nilivaa kitenge kipya. Ofisini Tukuyu palikuwa na mama mmoja karani, mkali, miwani puani. Alinisalimia vizuri, akaniuliza kama kweli niliona mtoto akizaliwa. Nikasema niliona, nilimpokea kwa mikono hii. Shemeji alishusha pumzi. Yule mama akachukua kalamu.

"Mtoto gani huyo uliyempokea? Taja jina lake."

Sasa, shemeji naye alikuwa amempa mwanawe wa kwanza jina la baba yake. Angempa la nani? Nikainama, nikaleta khanga mdomoni, nikatazama sakafu, kama mwali anayefunzwa na shangazi zake. Karani akarudia. Mimi kimya. Shemeji akataka kulisema yeye, akaambiwa anyamaze, anaulizwa shahidi.

Akaninong'oneza kwa lugha yetu, nilitaje tu, mzee alishakufa zamani, hakuna atakayejua. Nami nikamjibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya kufika mlangoni, ili yule mama karani asikie na waliokaa kwenye benchi wasikie.

"Mwanamke wa heshima halitaji jina la mkwe, shemeji. Uliniambia mwenyewe."

Mtoto hakukosa seminari, na sikutaka akose, hakunivutia cheti yeye. Baba yake aliteremka Kyela kwenye matope ya masika, akampigia magoti yule mkunga, akamrudishia na ng'ombe wake, akampandisha mpaka Tukuyu. Mimi siku ile nilitoka ofisini nikapanda gari la kwanza la kurudi nyumbani. Shemeji akaja anakimbia, akaingia, akatafuta pa kukaa. Pembeni yangu palikuwa na nafasi moja. Nikaweka kikapu.